Bamia ya Stella Kiden

Arua, 12 Februari 2024

Shangazi yangu Hasifa,

Assalaam aleikum kutoka huku kwenye vumbi. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, na goti la mzee wako limepunguza kelele. Sisi hatujambo. Swadiki ameng'oka jino la mbele na amelificha, hataki kuniambia wapi. Akicheka na lile pengo lake, hata hasira inanitoka. Anakuulizia kila siku. Anasema bibi wa Koboko ndiye anayejua kukaanga mihogo, mama yake anaiunguza tu.

Naandika kwa sababu simu yako siiwezi. Ukipokea unaweka sauti ya nje, nyumba nzima inasikiliza, na jirani anajibu kabla yako. Tahiru amekubali kubeba barua kwenye lori lake, mradi nisimharakishe.

Shangazi, nimetolewa barazani. Ile baraza niliyokuwa nauzia nguo za watoto, mwenye duka amempa mtu wa kutuma pesa kwa simu. Hakunifukuza kwa ubaya. Aliniita dada mpaka mwisho, akasema tu kwamba huyu mwingine analipa zaidi. Nikaenda mbele ya duka la pili, na mwenyewe anataka nimlipe kwa sababu kivuli cha bati lake kinaniangukia. Kivuli, shangazi! Sasa natembeza nguo begani, jioni miguu inawaka moto.

Nimechoka. Nataka kurudi nyumbani. Naikumbuka Koboko kila siku. Naikumbuka safu yenu pale sokoni, Viktoria akitaniana na wenzake kwa lugha tatu ndani ya pumzi moja, na wewe ukimkemea mteja anayebonyeza vitu bila kununua. Nililelewa pale chini, kati ya magunia yenu. Mji huu sikuzaliwa nao.

Kwa hiyo nauliza moja kwa moja. Ile nafasi ya Stella Kiden, hapo kando yako, ipo wazi? Alikwenda Yei, ng'ambo ya mpaka, kumuuguza mama yake na hajarudi. Ningekaa hapo na nguo zangu, wewe upande wa kulia, mimi kushoto. Sihitaji kingine duniani.

Nakungoja.
Shakira

*

Koboko, 3 Machi 2024

Mwanangu Shakira,

Waaleikum salaam, wewe na huyo mficha meno. Barua yako imefika ikinuka dizeli. Tahiru anasema lori lilimlalia njiani. Mimi nasema lililala Ludara, kwa mke mdogo. Mwambie nimejua.

Goti la mzee linaendelea kuimba. Joto limekuja vibaya, majani hakuna, mbuzi wanakula karatasi. Ramadhani inaingia wiki ijayo na bei ya sukari imeshaanza kupanda, maana wafanyabiashara wetu wanafunga mchana na kufungua kwenye mifuko yetu. Nimesema hivyo mbele ya duka lao, wakacheka. Na mimi nilitaka wasicheke.

Huyo mwenye baraza ningekuwa karibu ningemwambia maneno. Pole, mama. Pole sana. Nilisoma pale ulipoandika kuhusu kivuli, nikaiweka barua chini, nikaenda kuteka maji ambayo sikuyahitaji.

Mihogo unaiunguza kwa sababu mafuta yako hayajapata moto sawasawa. Usiiharakishe.

Sasa kuhusu nafasi. Ina mtu. Safu yetu unaijua. Ijumaa sisi Waislamu tunakwenda kusali, Wakristo wanatuuzia vitu vyetu. Jumapili wao wanakwenda kanisani, sisi tunawauzia. Na mteja akitaka kitu ambacho mimi ninacho na aliyeondoka anacho, kinauzwa kwanza cha aliyeondoka. Haikuandikwa popote. Aliyesafiri ni vile vile. Soko nalo lina sheria yake: gunia likikaa tupu, nafasi imekufa, inapewa mwingine. Kwa hiyo kila siku ya soko natandika gunia la Stella, napanga juu yake mafungu ya bamia kavu kama alivyokuwa akipanga, na mteja akiuliza, namwambia, "Mwenyewe iko safari." Pesa ya bamia inanunua bamia. Ushuru nalipa mimi.

Amesafiri. Aliyesafiri hanyang'anywi mahali pake.

Msalimu Swadiki. Nimekutumia odi ya simsim, ufuta wetu uliosagwa laini, kwenye kopo la bluu. Kopo lirudi.

Shangazi yako,
Hasifa

*

Arua, 2 Aprili 2024

Shangazi,

Ramadhani karim. Odi imefika, na kopo Tahiru analo. Swadiki amejaribu kufunga, akashinda mpaka saa nne asubuhi, kisha akasema Mungu amemruhusu.

Nilisoma barua yako mara nyingi, natafuta mahali ulipoandika "njoo". Sikupaona.

Naielewa safu yenu, shangazi. Nimewahi kutumwa nikiwa mdogo kumpelekea Stella chenji ya Jumapili. Nampenda pia, alinisuka nywele. Lakini alisema anakwenda wiki mbili, na sasa mvua za mwaka wa pili zinakuja. Mtu akitaka kurudi hurudi. Yei si mwezini. Malori yanakuja kila siku yamejaa watu.

Niambie ukweli. Mimi ni binti wa kaka yako, na yeye ni jirani wa sokoni. Mimi natembea juani na mtoto, na bamia inakaa kwenye kivuli chako. Bamia, shangazi! Ingekuwa mtu anakaa pale, ningenyamaza. Unalipia ushuru gunia la mtu asiyekuwepo, na mimi niliyepo unaniambia nikaange mihogo polepole.

Nakosa adabu, najua. Ninaandika nikilia, na nimefunga, na leo mlinzi wa duka moja amenisukuma kutoka kwenye ngazi kama mbwa.

Sitakusumbua tena kwa maombi. Nimepata njia nyingine.

Idd njema ikifika.
Shakira

*

Koboko, 28 Aprili 2024

Shakira,

Salaam. Mzee hajambo, mvua imeanza, tumepanda karanga. Habari za nyumbani zimekwisha.

Njia yako nyingine ilikuja Jumatano. Ilivaa miwani ya jua na ilibeba futi ya fundi cherehani. Inaitwa Akram. Anajiita dalali wa nafasi, kazi ambayo sikujua kwamba binadamu anaweza kuzaliwa kuifanya. Si mtu wa soko, hana cheo, hana karatasi. Alikuja akapiga magoti mbele ya bamia ya Stella, akaanza kupima ardhi kutoka kwenye mguu wangu mpaka kwenye gunia la Viktoria.

Nikamwambia, "Wewe kijana, unapima kaburi la nani?"

Akasema, "Mama, nafasi hii iko na mwenyewe mupya. Nimeshalipwa kianzio. Nitaongea na wakubwa."

Viktoria akasimama. Unamjua Viktoria akisimama. Akamuuliza ni nani huyo mwenyewe mpya, na yule mtoto wa watu akanyoosha kidole kwangu mimi, mbele ya safu nzima, akasema, "Si ni binti yake huyu mama! Iko Arua. Shakira."

Wakainamia mafungu yao. Hata Viktoria. Wakajifanya wanapanga nyanya. Akram akakunja futi yake akaondoka, na pesa uliyompa usiitafute, imekwenda na miwani. Nikakaa pale mpaka jioni, uso wangu sijui pa kuuweka. Aibu niliyoipata, Shakira, sijawahi kuionja tangu nianze kuuza.

Nitakueleza kitu kimoja, halafu nitafunga mdomo. Wiki ya kwanza Stella alipokuja sokoni, alikuwa mkimbizi, hana hata sufuria. Siku hizo naye alikuwa anauza simsim kama mimi. Ijumaa nikaenda kusali. Niliporudi nikakuta simsim yangu imekwisha, pesa iko chini ya leso yangu, na yake imejaa vile vile, haijaguswa. Nikamuuliza, "Wewe mwanamke, wewe huna shida?" Akasema, "Mimi iko hapa, yangu nitaisemea. Yako haikuwa na mutu." Alikuwa hajala siku hiyo. Nilijua baadaye.

Mtu wa namna hiyo nimempata mara moja katika maisha yangu.

Ukitaka nafasi, chukua ya kwangu. Nasema kweli. Njoo kesho ukae kwenye gunia langu, mimi nitarudi shambani. Ya Stella usiitaje tena.

Hasifa

*

Arua, 23 Juni 2024

Shangazi yangu,

Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana. Kwanza Idd mubarak, ingawa imeshapita. Swadiki alivaa kanzu uliyomletea mwaka jana, imekuwa fupi, inaishia magotini, na alitembea nayo kama imamu. Jino jipya limeanza kuchungulia.

Kwa Akram sina la kujitetea. Nilimpa pesa ili anunue kitu kisichouzwa, na nikakuvunjia heshima mbele ya wenzako. Nisamehe. Nilimwona huku stendi, amenunua viatu vipya, akanisalimia kwa furaha kabisa.

Siku hizi niko Pajulu, kwa mama mmoja anayeitwa Pasca. Tunamenya mihogo, tunaanika, tunauza kando ya barabara. Hanilipishi mahali. Ameniambia tu nisikae upande wa jua, nitachakaa haraka. Nilitamani umsikie.

Shangazi, wiki iliyopita alipita Lukudu, kaka yake Stella. Alikuja Arua kununua mabati, akanunua mihogo kwetu, akanitambua kwa sura. Amekonda. Tulisalimiana, nikamuuliza habari za dada yake kwa ulimi mwepesi tu, kama unavyouliza habari za mtu aliye hai. Akaniangalia. Akasema, "Shangazi yako hakukuambia?"

Alisema ni homa. Ilianza na mama, ikamalizia binti. Mwezi wa kumi, mwaka jana. Alisema alikuja mwenyewe Koboko kukuambia, akakukuta nyumbani, si sokoni, na ulilia mpaka mzee akaingiwa na hofu. Alisema, "Mwambie shangazi yako asante. Hakuna aliyemlilia dada yangu vile."

Nitakuwa mkweli, kwa sababu uongo umetutosha. Nilipandwa na hasira. Nilisema moyoni, basi mimi nilikuwa natembea juani kwa ajili ya mtu aliyezikwa. "Aliyesafiri hanyang'anywi mahali pake," uliniandikia Machi, na ulikuwa unajua. Nilitaka kupanda gari siku ile ile nije nikuulize mbele ya Viktoria na safu yote.

Kisha nikakumbuka kwamba mama yangu alipokufa, nilikuwa naendelea kumwekea kikombe chake cha chai, na wewe ndiye uliyekuwa unakijaza. Hukuniambia hata siku moja nikiondoe. Nilikiondoa mwenyewe nilipokuwa tayari.

Sitamwambia mtu. Nafasi sitaiomba tena, wala ya kwako sitaichukua, unanitisha ukisema hivyo. Ningependa tu kuja siku moja nikae nawe unisimulie habari zake. Nakukosa sana, shangazi. Nilikuwa nakukosa hata nilipokuwa nakutukana.

Binti yako,
Shakira

*

Koboko, 19 Agosti 2024

Mwanangu,

Usihesabu siku nilizonyamaza. Barua yako ilikaa chini ya mkeka wa kusalia muda mrefu. Kila nikiinua mkeka ilinitazama.

Karanga tumevuna, si haba. Mzee amepata dawa ya Kichina ya goti, inanuka kuliko goti lenyewe. Swadiki mwambie jino jipya alisafishe na mkaa mara moja moja, na la zamani sasa aseme alipolificha.

Ni kweli. Lukudu aliniambia. Kesho yake ilikuwa siku ya soko, nikasema moyoni, leo nitawaambia wenzangu. Nikafika, nikatandika gunia langu, na mikono ikatandika na la Stella. Mikono tu, mwanangu, mimi sikuamua. Akaja mteja, akauliza, "Mama Stella iko wapi?" Nikajibu nilivyozoea, "Iko safari." Na Shakira, nikasikia raha. Mteja alinunua bamia akaondoka akiamini kwamba Stella yuko mahali fulani njiani, na kwa muda ule mdogo nikaamini na mimi. Nikaitaka raha hiyo tena siku ya soko iliyofuata. Bas, ikawa hivyo. Nilikuwa nainunua kwa bamia.

Ulipoandika kuomba nafasi, nilijua una haki. Nilijua tangu mstari wa kwanza. Sikuweza. Kukupa wewe kungekuwa kumzika kwa mkono wangu, na mimi sikumzika, nilikuwa mbali, hata udongo sikumtupia. Ndiyo maana nilikupa ya kwangu. Ya kwangu ilikuwa rahisi.

Barua yako ilinipa aibu kuliko futi ya Akram. Wiki iliyopita nikafika sokoni mapema, nikakaa, sikutandika. Viktoria akaja, akaona ardhi tupu kando yangu, akaweka beseni lake chini polepole. Nikamwambia, "Viktoria, Stella amekufa. Amekufa tangu mwaka jana na mimi nilijua."

Unajua alijibu nini? Alisema, "Tunajua."

Jumapili ile ya Novemba wanaposoma majina ya marehemu kanisani, padri alisoma Stella Kiden. Lukudu alikuwa amelipeleka jina. Wote walisikia, Viktoria na wenzake wote wa safu. Na mimi saa hiyo nilikuwa wapi? Nilikuwa sokoni, peke yangu na Waislamu wenzangu, tunawauzia. Walirudi kutoka kanisani macho mekundu, wakanikuta nimekaa namsifia mteja bamia ya Stella, namwambia mwenyewe karibu atarudi. Wakadhani mimi ndiye sijui. Wakaulizana nani aniambie, na kila mmoja akamsukumia mwenzake, mpaka wakashindwa.

Kumbe miezi yote hiyo ndio waliokuwa wakiinunua ile bamia. Wateja wale wageni nisiowafahamu walikuwa wanatumwa na Viktoria, shemeji zake, majirani zake, watu wa kwaya. Nilikuwa najisifu kwamba Stella amekwenda lakini biashara yake inakwenda. "Mama," Viktoria akaniambia, "kwangu iko gunia zima la bamia. Watoto wamekataa kula. Sisi tumechoka na bamia." Akaanza kucheka, na kucheka kwake kukageuka, na tukalia pale pale kati ya nyanya na samaki, mchana kweupe, wateja wakitukwepa. Siku hiyo sisi wenyewe hatukuuza kitu. Wale wa upande wa pili walitoka kwenye mafungu yao wakaja kutuuzia, na hata mimi nilisikia mmoja akikosea bei ya simsim yangu, nikamwacha.

Walipokwisha kulia walizungumza habari za nafasi, bila mimi kufungua mdomo. Nilidhani watasema apewe mwenye pesa, maana wako wengi wanaoitaka. Viktoria akasema, "Na yule mtoto wa kununua soko kwa dalali?" Wakacheka tena, na sasa walikuwa wanakucheka wewe, uzoee, watakucheka mpaka uzeeke. Kisha wakasema uje. Hawataki kianzio. Wanataka Jumapili uwauzie, na uanze na vya waliokwenda kusali kabla ya nguo zako. Nimewaambia hilo unalijua.

Gunia la Stella nimelifua, liko ndani kwangu. Hilo sikupi. Njoo na lako.

Mshukuru Pasca kwa kukuweka kivulini. Mwambie akija Koboko asiende kwa mtu mwingine.

Na sikiliza. Nimekungoja miaka, nimekukosa kiasi ambacho sikukiandika hata katika barua moja, kwa sababu kila nilipotaka kuandika "njoo" nilikuwa natazama kushoto kwangu. Siku ya kwanza nitakapogeuka upande ule kusema kitu, kama nilivyozoea, nikakuta ni uso wako, nitafurahi na nitalia, vyote kwa pamoja. Usinibembeleze, Shakira. Wewe endelea kuuza.

Shangazi yako,
Hasifa